Slaidi za hadubini: kabla hujalipa, papasa kioo cha juu

Muhula uliopita nililipa laki moja na ishirini kwa boksi la slaidi 25. Likaja Dodoma kwa basi, limezungushiwa selotepu kama mzigo wa sendoff. Kwa lenzi ya x4, safi. Kwa x10, safi zaidi: ncha ya mzizi wa kitunguu, seli zimejipanga kama matofali. Nikawaambia vijana wangu wa Kidato cha Tano wapande x40 wazitafute kromosomu. Mmoja akazungusha lenzi, ukungu. Akashusha kidogo, akashusha tena, nikasikia "tik". Akainua uso.

"Madamu, nimevunja?"

Hakuvunja yeye. Nilipoiinua ile slaidi usawa wa jicho ndipo nikaona kile kioo chembamba cha kufunikia kimekaa juu ya rundo la gundi, upande mmoja umeinuka. Kromosomu zilikuwemo, ila lenzi isingezifikia hata angeshusha mpaka kesho. Gundi yenyewe ilikuwa bado mbichi, ikaganda kwenye lenzi. Niliifuta hadi jua likazama.

Hili ndilo watu hawaliangalii. Tutahesabu slaidi, tutasifia rangi, tutapapasa boksi la mbao (mimi boksi la mbao sitaki hata kulisikia), lakini hatuangalii kioo cha juu. Chukua lenzi yako ya x40 uisome ubavuni. Nyingi za mashuleni zimeandikwa 160/0.17. Hiyo 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kioo cha kufunikia ambacho lenzi imetengenezewa. Lenzi za x4 na x10 zinavumilia. Ya x40 haivumilii, na ikishapata taswira, nafasi kati yake na slaidi haifiki milimita moja. Kioo kikiwa kinene, au gundi ya chini yake ikizidi, utabaki na ukungu au utagonga.

Kupima ni rahisi. Pitisha ukucha kutoka kwenye slaidi kwenda juu ya kioo cha kufunikia: ukucha ukikwama kama umefika kwenye ngazi, rudisha. Kisha ilaze usawa wa jicho uone kama kioo kimelala sawasawa. Mwisho kisukume kwa kidole gumba, taratibu. Kikisogea, gundi haijakauka, na kwenye maabara ya bati kama yetu, joto la mwezi wa kumi na moja litakimalizia safari. Hata zile nzuri zihifadhi zikiwa zimelala, si zimesimama.

Sasa ninunue zipi? Namba moja kwangu ni Johannes Lieder wa Ludwigsburg, Ujerumani, na sifichi kwamba nina upendeleo. Ninazo nane, nimeachiwa na mwalimu aliyestaafu, lebo zimeshakuwa njano kuliko meno ya mvuta sigara. Ukucha hupita juu yake bila shida. Ile ya shina la mahindi, kila kifurushi cha mishipa kinaonekana kama uso wa nyani aliyeshangaa, na wanafunzi hawaisahau tena monokoti (jamii ya mahindi na nyasi) ni nini. Bei inauma, usafiri unauma zaidi. Afadhali ununue nne za maana kuliko boksi zima: ncha ya mzizi wa kitunguu, damu ya binadamu, shina la monokoti na la dikoti (jamii ya maharage).

Namba mbili hainunuliwi. Kitunguu cha Singida kutoka soko la Majengo, ngozi ile laini ya ndani, tone la ayodini, basi. Kidato cha Kwanza wanaona ukuta wa seli na kiini vizuri kuliko kwenye slaidi nyingi za dukani. Pesa utakayookoa nunua vioo vya kufunikia, namba 1 au 1.5 (ni madaraja ya unene, si milimita).

Namba tatu ni zinazotoka Ambala, India, mji wenye karakana nyingi za vifaa vya maabara. Kuna nzuri, kuna za kulia, hata ndani ya boksi moja. Zipime moja moja.

Zile za boksi la slaidi 100 zisizo na jina, za plastiki, zenye mguu wa nzi na bawa la nyuki, mnunulie mwanao.

Tatizo ni kwamba wauzaji hawakuruhusu kupima. "Ukifungua umenunua, dada." Slaidi ya kioo nainunua kama tikiti lisilokatwa? Ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana mhasibu hakuelewi bila hiyo, ghafla bei inapanda kwa asilimia 18, kana kwamba kodi imezaliwa pale pale ulipofungua mdomo. Na wakisikia unanunulia shule kuna bei nyingine kabisa, wanadhani tunachota.

Nilimpigia yule wa laki na ishirini, nikamtumia na picha ya ubavuni. Akaniambia wanafunzi wangu hawajui kutumia hadubini. Nikanyamaza. Slaidi 24 zilizobaki bado zipo kabatini, na juu ya mfuniko nimeandika kwa wino mwekundu: X10 TU.