PhET na phyphox kwa mada za mawimbi, sauti na mwanga: zinakubeba wapi, zinakushusha wapi

PhET ni mkusanyiko wa maigizo ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. phyphox ni programu ya simu iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na kazi yake ni kuigeuza simu iwe kifaa cha kupimia. phyphox ni bure kabisa. PhET ni bure ukiitumia kwenye tovuti, ila programu yake ya simu inauzwa. Tumezipima kwa swali moja: mtahiniwa wa kidato cha nne, wa NECTA (Tanzania) au wa KCSE (Kenya), ataongeza alama akizitumia, au atafurahisha macho tu na kumaliza bando?

Jibu fupi ni kwamba PhET inafundisha nadharia vizuri kuliko picha yoyote iliyochapwa, lakini haimwandai mtu kwa mtihani wa vitendo, kwa sababu ndani yake hakuna makosa ya kupima. phyphox ina makosa tele, na ndiyo faida yake.

Kwanza bando. Kila igizo la PhET tunalolitaja hapa ni faili moja la HTML unaloweza kupakua mara moja na kulitumia bila mtandao siku zote. Tatizo linalowakwamisha wengi kwenye simu za Android ni kwamba ukiligusa faili kwenye folda ya vilivyopakuliwa, simu huenda ikalifungua kwa kisomaji chake kidogo cha HTML, na unachoona ni ukurasa mweupe. Faili halina shida. Chagua "fungua kwa", kisha Chrome. Laza simu, maana ikiwa wima vitufe huwa vidogo kama punje za mtama. Baadhi ya maigizo yametafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa kuelewa mada mara ya kwanza tafsiri inasaidia sana. Ila maswali ya mtihani yanakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo wiki za mwisho rudi kwenye toleo la Kiingereza ili macho yazoee maneno yatakayokuwa kwenye karatasi.

Anza na Wave on a String. Ni kamba ya shanga unayoitikisa upande mmoja. Kabla ya kupima chochote badilisha vitu viwili: punguza Damping (kufifia kwa wimbi) hadi sifuri, na upande wa mwisho wa kamba chagua No End. Usipofanya hivyo, wimbi litafifia likiwa njiani au litagonga mwisho na kurudi, likichanganyika na linalokwenda, kisha utapima urefu wa wimbi usioeleweka na kudhani fomula ndiyo mbovu. Weka frikwensi 1.00 Hz, simamisha picha, weka rula ya mlalo, pima kwa pamoja mawimbi kamili yanayoonekana halafu gawanya kwa idadi yake. Kisha weka 2.00 Hz bila kugusa mkazo wa kamba. Urefu wa wimbi unapungua hadi nusu na mwendo unabaki ule ule. Hapo ndipo watahiniwa wengi hujikwaa: wanaandika kwamba frikwensi ikiongezeka wimbi linakwenda kasi zaidi, eti kwa sababu v = fλ (mwendo ni frikwensi mara urefu wa wimbi). Mwendo unaamuliwa na kamba yenyewe, yaani mkazo wake na uzito wake kwa kila mita. Vuta kitelezi cha mkazo uone mwendo ukibadilika, na utakuwa umeelewa kitu ambacho kurasa tatu za maelezo hazikifikishi.

Igizo hilo hilo lina Pulse, pigo moja tu. Tuma pigo kwenye ncha iliyofungwa, linarudi limepinduka. Tuma kwenye ncha iliyolegea, linarudi wima kama lilivyokwenda. Kazi ya dakika mbili.

Waves Intro ina kurasa tatu: maji, sauti na mwanga. Ukurasa wa maji hautachukua muda wako. Wa sauti una saa inayohesabu kwa milisekunde na futi ya kupimia inayosoma sentimita, na hapo kuna zoezi zuri la vipimo: ukipata karibu sentimita 34 kwa milisekunde moja, unatakiwa uweze kusema papo hapo kwamba ni 340 m/s. Kwenye mwanga saa inasoma femtosekunde, yaani sekunde 10⁻¹⁵, na umbali ni nanomita. Mwanga unakwenda takriban nanomita 300 kwa femtosekunde moja, ambayo ni 3 × 10⁸ m/s ile ile. Anayeweza kubadilisha vipimo hivi bila kikokotoo hatapoteza alama kwenye swali la spektra ya sumakuumeme. Lakini jedwali lenyewe la spektra, kutoka mawimbi ya redio hadi miale ya gama, igizo halikupi. Hilo likariri.

Kwa mada ya pili ya mawimbi kwenye KCSE, ile ya kuingiliana (interference) na kutawanyika kwenye upenyo (diffraction), tumia Wave Interference, ukurasa wa Slits. Punguza upana wa upenyo hadi ulingane na urefu wa wimbi, uone mawimbi yakitoka yamejikunja kama nusu duara, kisha upanue. Mchoro huo huo ndio unaoulizwa, na kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuchora mawimbi yaliyopita kwenye upenyo yakiwa na nafasi tofauti na yaliyoingia. Maji yana kina kile kile pande zote mbili, kwa hiyo nafasi kati ya mistari haibadiliki. Pima kwa rula kwenye skrini kama huamini.

Sasa mwanga, na hapa ndipo sifa na lawama zinapokutana. Bending Light ina leza, vyombo viwili vinavyopakana (vitu ambamo mwanga unapita), na protrakta. Chombo cha juu weka kioo chenye n (refractive index, namba ya kupinda kwa mwanga) = 1.50, cha chini weka hewa, kisha ongeza pembe pole pole. Mwale unaotoka unazidi kulala na kufifia, na ule unaorudi ndani unazidi kung'aa, mpaka ukipita kidogo 41.8° hakuna kinachotoka. Kwa maji ya 1.33 pembe hiyo, inayoitwa critical angle, ni 48.8°. Swali la kujipima: kutoka kwenye kioo kuingia kwenye maji ni ngapi? Anayejibu 41.8° amesahau kwamba sine ya pembe hiyo ni 1.33 gawanya kwa 1.50, na jibu ni karibu 62.5°. Pia kuna vitu viwili vya siri, A na B, ambavyo n yake imefichwa. Vitafute mwenyewe kwa kupima pembe mbili, bila kuchungulia majibu.

Kasoro ni hii. Leza ya igizo ni nyembamba na haitetereki, na protrakta inakaa pale pale inapotakiwa. Kwenye chumba cha mtihani utapewa kipande cha kioo cha mstatili, pini nne, ubao laini na karatasi nyeupe. Chukua pembe ya kuingia ya 30°. Kwa kioo cha 1.50 pembe ya ndani ni 19.5°, na protrakta ya shule haisomi nusu nyuzi kwa uhakika. Ukisoma 19° unapata n ya 1.54, ukisoma 20° unapata 1.46. Nyuzi moja tu! Kwenye pembe ya 60° mambo ni afadhali: pembe ya ndani ni 35.3°, ukisoma 35° unapata 1.51 na ukisoma 36° unapata 1.47. Ndiyo maana unaambiwa uchukue pembe tano au sita na kuchora grafu ya sine ya pembe ya kuingia dhidi ya sine ya pembe ya ndani badala ya kukokotoa mara moja: mteremko wa mstari unapunguza nguvu ya kosa la kila kipimo. PhET haiwezi kukufundisha hilo, kwa sababu kila pembe ndani yake inatoa jibu lile lile.

Haikufundishi pia kwamba pini mbili za mwanzo ziachane angalau sentimita 5, zisimame wima, na kwamba unapozipanga ukichungulia upande wa pili wa kioo unatazama miguu yao na si vichwa. Pini iliyoegemea kidogo kichwa chake kiko pengine na mguu pengine, na mstari unaochora unapita kwenye mguu. Wala haikwambii uchore mzunguko wa kioo kwa penseli kabla ya kuanza, ili kikisogezwa na kiwiko ukirudishe mahali pake. Kioo chakavu na kipande cha maboksi magumu vinatosha kwa mazoezi nyumbani.

Geometric Optics inahusu lenzi na vioo. Ni nzuri kwa kuchora miale: chagua miale mikuu, washa alama za fokasi, sogeza penseli. Weka kitu kwa umbali wa sentimita 30 mbele ya lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa 20, taswira inatua kwenye 60, imepinduka, imekuwa mara mbili. Sogeza kitu ndani ya fokasi, taswira inahamia upande wa kitu. Ila kila mwale kwenye igizo unakutana kwenye nukta moja safi. Kioo mbonyeo halisi chenye umbo la kipande cha tufe hakifanyi hivyo: miale ya pembezoni inakutana karibu zaidi na kioo kuliko ya katikati, na ndiyo sababu taa ya gari hutumia umbo la parabola. Swali hilo lipo, na mtu aliyeegemea igizo peke yake ataliona geni.

Kwa sauti PhET inapwaya. Bomba la mwitikio (resonance), lile la kuzamisha kwenye maji hadi hewa iliyomo iitikie uma wa sauti, halimo. Hapa phyphox inaingia. Haihitaji sensa ya pekee, maikrofoni na spika vinatosha, na haina matangazo.

Fungua kizalisha sauti chake. Wengi huweka 512 Hz kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye uma wa maabara, halafu jaribio linawagomea kwa sababu isiyohusiana na fizikia. Kwa 512 Hz mwitikio wa kwanza unakuja hewa iliyo ndani ya bomba ikiwa na urefu wa karibu sentimita 16, na wa pili karibu sentimita 50. Bomba la kufikia 50 haliwezi kuzama hadi kubakiza 16 kwenye ndoo ya lita 20, ndoo ni fupi. Tumia 800 Hz. Kata bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita mbili na nusu hivi, urefu sentimita 40, na jaza maji yenye kina cha sentimita 32. Zamisha bomba, shika spika ya simu sentimita moja au mbili juu ya mdomo wake bila kuuziba, kisha inua vyote pamoja taratibu. Sauti inavimba ghafla pale urefu wa hewa ndani ya bomba ukiwa karibu sentimita 10, na tena karibu 31.6. Rudia kila mahali mara tatu, ukipanda na ukishuka, uchukue wastani.

Tuseme umepata 10.1 na 31.6. Tofauti ni sentimita 21.5, ambayo ni nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo v = 2 × 800 × 0.215 = 344 m/s. Ukitumia kipimo cha kwanza peke yake, v = 4fl (l ni urefu wa hewa), unapata 323, pungufu kabisa, kwa kuwa wimbi linachungulia kidogo nje ya mdomo wa bomba. Urekebisho huo wa mwisho ni nusu ya (31.6 − 3 × 10.1), yaani sentimita 0.65. Swali la "kwa nini unachukua miitikio miwili" jibu lake ni hilo. Na simu isiponyoke. Maji ya ndoo hayana huruma.

Jaribio la pili ni saa ya sauti ya phyphox, inayoanza na kusimama ikisikia mlio, kwa simu mbili. Ziweke mbali mita 5, kila mtu asimame na yake. Wa kwanza anapiga kofi na saa zote mbili zinaanza, wa pili anapiga kofi na zote zinasimama. Saa moja itasoma zaidi ya nyingine kwa karibu milisekunde 29, muda wa sauti kwenda mita 10. Angalia: ni mita 10, mara mbili ya umbali, na kusahau hiyo mara mbili ni lile lile kosa la maswali ya mwangwi. Ikianza kabla ya kofi, kizingiti cha sauti kiko chini mno, kipandishe. Ikisimama papo hapo inapoanza, ni mwangwi wa ukuta, ongeza muda wa chini wa kusubiri au mtoke uwanjani siku isiyo na upepo.

Jibu lako kwenye joto la nyuzi 30 litakaribia 349 m/s, kwa sababu mwendo wa sauti hewani ni takriban 331 + 0.6 mara nyuzi za Selsiasi. Kwenye karatasi ya mtihani, hata hivyo, tumia namba waliyokupa, iwe 330 au 340. Msahihishaji ana mwongozo wake, na mwongozo haujui ulikuwa na ndoo na bomba nyumbani.