Ibara ya 8 kitandani: blanketi la viraka lenye herufi za kroshia

Vitambaa vya kroshia nimevijua tangu utotoni kama mapambo ya mgongo wa kochi na juu ya televisheni, kwa hiyo nilipoonyeshwa na kikundi cha kina mama hapa Tanga blanketi la viraka lililobeba maneno ya Katiba, niliagiza la kwangu siku hiyohiyo kwa shilingi 240,000 na kulisubiri kwa wiki saba.

Maneno yenyewe yametoka katika ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Aliyepanga kazi hii alipiga hesabu vizuri, kwa kuwa herufi 31 pamoja na nafasi 5 zinazotenganisha maneno zinajaza sawasawa viraka 36, sita kwa sita. Kila herufi imefumwa kwa uzi mweupe wa pamba na kushonewa juu ya kipande cha khanga, na penye nafasi pamewekwa kiraka kilichofumwa chote, chenye ua katikati. Hasara ya mpango huo ni kwamba maneno hukatika mwisho wa mstari. Mstari wa kwanza unasomeka WANANC, na mgeni wangu mmoja aliuliza hicho ni kifupisho cha chama gani. Sisi tuliozoea jina la khanga, ambalo husomwa kwa mkupuo mmoja, tunasumbuka kidogo.

Ushonaji wa herufi hauna kasoro. Kingo zote zimeshonwa kwa mkono, kwa hatua fupi na uzi wa rangi ileile, hata ukiikwangua ncha ya K kwa ukucha haibanduki.

Tatizo liko kwenye yale maua matano, ambayo hayakuwekewa kitambaa chochote kwa nyuma. Kroshia hunyumbuka kuliko khanga, na baada ya kufuliwa mara mbili viraka hivyo vimelegea, wakati jirani zake vimebaki vilevile, na pamba ya ndani imeanza kuchungulia kwenye matundu ya ufumaji. Isitoshe, khanga nyekundu imechuja, na ile M ya MSINGI sasa ni ya waridi. Nadhani ingetosha kuifua khanga mara mbili tatu kabla ya kuikata.

Nilipolirudisha, fundi mkuu alikubali kuyatia maua bitana bila malipo, lakini kuhusu wekundu alinijibu, "Hiyo ni khanga, mwanangu, lazima ichuje."

Nimeagiza la pili. Safari hii nimeomba upana wa viraka vinane ili kila neno lipate mstari wake, ingawa jumla itafika viraka 48 na bei itapanda, na khanga nitaipeleka mwenyewe, ikiwa imeshafuliwa.