Kukereza mbao: ncha mbili au sahani ya skrubu?

Kwenye mashine ya kukereza, mguu wa meza, mchi au mpini hushikwa kati ya ncha mbili: yenye meno upande wa mota, ya kuegemea upande wa pili. Nyuzi za mti hulala sambamba na mhimili, kwa hiyo patasi ikate kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Baada ya dakika chache kaza tena ncha ya pili, maana mti hubonyea, na kipande kilicholegea hurushwa.

Bakuli hutaka sahani ya chuma inayofungwa kwenye ubao kwa skrubu, na hatari yake ni kubwa zaidi. Tumia angalau skrubu nne nene, ziingie milimita 20 kwenye uso wa ubao. Zikiingia penye kichwa cha gogo, yaani zinapoishia nyuzi, hushika vibaya. Skrubu nyembamba za jipsamu hukatika. Nyuzi hapa zimekingama, hivyo patasi hugonga vichwa vya nyuzi mara mbili kila mzunguko. Usilete kabisa bobari (patasi yenye mfereji) pana ya kuondolea kona za gogo: shina lake jembamba huvunjika. Chukua bobari ya bakuli yenye fimbo nene.

Mpini wa sentimita 5 huvumilia mizunguko 2,000 kwa dakika. Bakuli la sentimita 30 lianze na 400. Kwa vyote viwili, weka kiegemeo cha patasi milimita 5 kutoka kwenye mti, zungusha kwanza kwa mkono, vaa ngao ya uso, vua glavu. Anayejifunza aanze na ncha mbili.