Nannochloropsis au Chaetoceros: uanze na mwani gani?

Kifaranga cha samaki aitwaye mwatiko kikianguliwa, mdomo wake ni mdogo mno kwa chakula cha unga. Huanza na rotifa, mnyama mdogo sana wa majini, na rotifa naye lazima ashibe mwani wa hadubini. Ndiyo maana kituo cha kutotolesha vifaranga huotesha mwani kabla ya kuleta mayai.

Kwa kulisha rotifa, Nannochloropsis ndiyo chaguo langu. Chembe yake ina mikroni 2 hadi 4, imejaa EPA, aina ya mafuta ya omega-3, na inamvumilia anayejifunza: chumvi ikipanda kidogo, pipa linabaki kijani. Ila DHA yake, omega-3 nyingine, ni haba, na ukuta wa chembe ni mgumu, kwa hiyo kamba wachanga hawaisagi vizuri.

Wao wanataka Chaetoceros, dayatomu (mwani wenye ganda la silika) ya rangi ya hudhurungi yenye miiba myembamba kama unywele. Chaza wachanga na majongoo bahari nao wanaipenda. Lakini ina deko! Mbolea ya f/2, ile ya kuoteshea mwani, ikikosa silikati ya kujengea ganda, haikui. Pampu ya hewa ikizimika usiku, asubuhi unakuta tope la kahawia chini na maji meupe juu.

Kwenye maji machafu ya bwawa zote hunyonya nitrojeni na fosforasi, ila dayatomu husimama silikati ikiisha.

Mimi ningeanza na Nannochloropsis, kisha Chaetoceros siku ya kuleta kamba. Kila mwani uwe na jagi lake: tone la kijani likiingia kwenye chupa ya kahawia, baada ya siku chache chupa yote inaweza kuwa kijani.