Makaa ya vifuu: miezi minane jikoni kwangu

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi. Saa kumi alfajiri jiko limeshawaka, na ikigonga saa mbili karai limeshapinduliwa. Miaka kumi na miwili nimepikia makaa ya miti, na kuni siku mfuko ulipokuwa mwepesi. Tangu Januari napikia makaa ya vifuu, yanayotengenezwa na kikundi cha akina mama wa hapa hapa Mikindani, Mombasa. Jina la kikundi silitaji maana yako mabaya nitakayoyasema. Wa mtaani watakijua kwa pipa lake.

Lililonivuta kwanza ni kwamba vifuu ni vyangu mwenyewe. Mahamri hayaendi bila tui, mbaazi nazo vivyo hivyo, kwa hiyo kila jioni nakaa juu ya mbuzi nikune nazi, na kila asubuhi nina lundo la vifuu la kutupa. Zamani vilikuwa vikichomwa pamoja na taka pembeni mwa barabara, moshi ukituingia sote. Sasa natia guniani, kijana wa mkokoteni anapita Jumamosi. Gunia moja likijaa napewa mfuko mmoja wa makaa, na ya ziada nanunua, kilo mbili shilingi 120, natuma kwa simu. Vifuu vya madafu hawavitaki, vina maji mno, na wauza madafu wameliona hilo kama dharau.

Niliwahi kwenda kushuhudia wanavyofanya. Vifuu vinapangwa ndani ya pipa, vinawashwa, kisha hewa inabanwa ili viive bila kuteketea. Vikipoa vinatwangwa, vinachekechwa, vinachanganywa na uji wa unga wa muhogo ili vishikane, halafu vinakamuliwa kwa mashine ya mkono, kama mtu akikamua tambi. Vinatoka vigogo vifupi vyeusi vinavyoanikwa juani siku tatu, nne. Jua likiwa la Februari, siku mbili zatosha.

Haya, jikoni sasa. Makaa haya hayashiki upesi. Wiki ya kwanza niliwasha kwa mazoea ya makaa ya miti, nikatia mafuta, nikatia mahamri, na mahamri yakakataa kufura. Yalilala chini ya karai yakanywa mafuta mpaka yakawa kama sponji, na mteja wangu wa siku nyingi, bwana wa boda, akaniuliza kwa upole kama nimebadilisha unga. Siku hiyo nilipata hasara. Dawa niliyoipata ni kuwasha nusu saa kabla, na jiko kulipeleka nje penye upepo mpaka makaa yawe mekundu mpaka ndani. Ukiyaharakisha kwa mafuta ya taa, harufu inabaki kwenye chakula, usijaribu.

Kwa mbaazi, wallahi, sitaki makaa mengine. Zamani nilikuwa nikiamka usiku kuongeza makaa ili chungu kisizime. Haya natia mara moja, napunguza tundu la jiko, nalala. Nikiamka mbaazi zimelainika na tui linasubiri kutiwa. Mkate wa sinia pia, ule wa makaa juu makaa chini: moto wake ni wa sawa, hauruki, na mkate hauungui upande mmoja huku mwingine ukibaki mbichi. Tatizo ni majivu. Ni mengi kuliko nilivyodhani, na ya kifuniko ukiyanyanyua ovyo yanamwagikia mkate. Nimeshauza mkate mmoja kwa bei ya chini kwa sababu hiyo.

Kipimo changu ni sufuria. Ya kuni ilikuwa nyeusi nje, unasugua kwa mchanga mpaka mikono inauma. Sasa chini yake naliona bati. Ukuta wa jiko nimeupaka chokaa mwezi wa pili na hadi leo ni mweupe. Macho hayanitiririki tena alfajiri. Binti yangu ana pumu, na yeye ndiye aliyenisukuma. Alinisomea kwenye simu kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wasiofika miaka mitano. Nikamwambia, mwanangu, bibi yako alipikia kuni maisha yake yote. Akanijibu, na bibi alikohoa maisha yake yote. Ilikuwa kweli.

Ila mwenye kununua asidanganywe na kutoona moshi. Usiku mmoja wa mvua nilifunga mlango na dirisha nikiwa na jiko ndani, kwa kuwa halitoi moshi nikaona hakuna neno. Kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa, nikaanza kutapika. Makaa, yawe ya vifuu au ya miti, yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na chumbani pasipo pa kutokea inaua. Kikundi hakikuniambia hilo siku ya kununua. Niliwalalamikia, na sasa wanamwambia kila mteja mpya.

Sasa nije kwa pipa. Wao waliliweka mahali pa wazi upande wa mkono wa bahari wa Tudor, penye mikoko. Nilipoanza kununua ilikuwa kaskazi, na kaskazi hapa kwetu inavuma kutoka mkononi kuingia mtaani. Kwa hiyo moshi uliotoka jikoni kwangu haukuisha, ulihama. Ulitoka kwa mimi mnunuzi ukaenda kwa jirani wa pipa ambaye hajanunua hata kigogo kimoja. Buibui langu jeupe la maulidi, ndiyo, ninalo jeupe, lilinuka moshi likiwa kwenye kamba. Nikahamisha kamba upande wa pili wa nyumba.

Ramadhani ndiyo iliyotibua mambo. Kila nyumba inakaanga viazi, bajia, kaimati, makaa yakatakiwa maradufu, pipa likawa linawaka kila siku baada ya alasiri, saa ambayo mtu amefunga na koo limekauka. Mzee mmoja alikuja pale na bakora yake, hakupiga mtu, alisimama tu akikohoa mpaka wakazima. Watu wa huku hawakubali kuambiwa "ni moshi tu". Owino Uhuru iko papo hapo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi mwilini, mpaka mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi baada ya hapo. Makaa ya vifuu si risasi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kilichonifanya nisiache kununua ni walivyolichukua. Hawakubishana. Baada ya Idi waliita kikao chini ya mwembe, wakakaa na majirani, wakakubali kusimamisha pipa wiki tatu, nasi wateja tukakosa makaa. Fundi wa kuchomelea wa mtaani akalitengeneza upya: kifuniko cha kubana, na bomba linalochukua moshi kutoka ndani na kuurudisha chini ya pipa, pale penye moto, ukaungue. Dakika za mwanzo bado linatoa wingu. Likishapata moto, unaona hewa ikitetemeka tu. Faida yake nyingine ni kwamba moshi huo unakuwa kuni, hivyo kuni za kuwashia zimepungua, na hizo za kuwashia ndizo zilizokuwa zikikatwa mikokoni, tusifichane. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko yao na tangu 2013 wamo kwenye biashara ya hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, pesa zinakwenda kwenye maji na shule. Sisi ya kwetu tulikuwa tunaichomea vifuu.

Masika ikaja na balaa jingine. Kusi inapeleka moshi juu ya maji, hakuna anayelalamika, ila jua hakuna. Mifuko miwili niliyoletewa mwezi wa tano ilikuwa na unyevu. Ilirusha cheche, ikatoa moshi mwingi kuliko kuni, na kigogo ukikishika kinamumunyika kama biskuti kwenye chai. Mmoja nilirudisha wakanibadilishia bila maneno. Wa pili nilikuwa nimeshautumia nusu, wakasema haurudi, na hapo tumekosana kidogo na mwenyekiti wao mpaka leo. Wanahitaji banda la kuanikia lenye paa la kupitisha mwanga. Wamechanga, bado hawajafika.

Kwa pesa, nafuu ipo lakini si ya kupigiwa vigelegele. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti, gunia la makaa lilipaa na halijashuka likarudi lilipokuwa, kwa hiyo chochote kitakuwa nafuu. Mtu asiyekuna nazi kila siku, asiye na vifuu vya kubadilisha, ataona bei karibu sawa. Mtungi wangu mdogo wa gesi sijauuza, chai ya haraka ni ya gesi.

Ningewapa nyota nne kati ya tano kwa mbaazi, tatu kwa mahamri. Hili pipa jipya halijapita kaskazi hata moja, na kaskazi inarudi Desemba. Kamba yangu ya nguo bado sijairudisha upande ule.