Desktopu ya XP na laptopu mpya: jozi ya kuokoa kaseti za MiniDV Lubumbashi

Kaseti za ndoa za miaka ya 2000, zile ndogo za kamera za dijitali ziitwazo MiniDV, zimejaa makabatini Katuba na Kenya, komini za Lubumbashi, na laptopu za leo hazina tundu la kuzipokea. Jozi tunayoipima hapa ni desktopu kuukuu ya Windows XP inayochota picha na laptopu mpya inayohariri. Kwa MiniDV, inashinda kwa mbali kile kidude cha USB chenye waya wa njano, mwekundu na mweupe, ambako picha ya dijitali hugeuzwa analogi kisha dijitali tena.

Upande wa zamani unatosha na Pentium 4, RAM ya MB 512, diski ya GB 80 na kadi ya PCI ya FireWire, yaani tundu la kupokea video ya dijitali kutoka kwenye kamera. Yenye chipu ya Texas Instruments ndiyo haisumbui. Kebo ina pini 4 upande wa kamera na 6 upande wa kompyuta. Hapa ndipo watu wanapigwa: muuzaji anakupa waya wa USB kwa kuwa kamera ina tundu la USB. Tundu hilo, kwa kamera nyingi za MiniDV, ni la picha za mnato au video hafifu tu. Kaseti hupitia tundu lililoandikwa DV au i.LINK, ambalo ndilo FireWire. Chomeka kila kitu kikiwa kimezimwa. Pini 6 hubeba umeme, na plagi iliyolegea ikiingia kinyume inaunguza kadi, pengine na kamera.

Ndani ya Movie Maker, programu ya video ya XP, chagua DV-AVI, inayohifadhi video kama ilivyo kwenye kaseti. Ukiiacha kwenye WMV, inayobana video papo hapo, Pentium italemewa na kudondosha fremu. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja kamili na kula GB 13, kwa hiyo diski ya GB 80, ukitoa nafasi ya Windows, inabeba tano tu. Fremu zikidondoka hata kwa DV-AVI, angalia diski: XP ikikutana na makosa mengi ya kusoma huishusha kutoka DMA, njia ya kasi, hadi PIO, njia ya polepole, na kuiacha huko. Ondoa chaneli ya IDE, inayobeba diski, kwenye Device Manager, washa upya, itajisakinisha. Lakini ukiona vimraba kwenye picha yenyewe, mara nyingi hilo ni vumbi la kiangazi kwenye vichwa vya kamera vinavyosoma kaseti. Kaseti kavu ya kusafishia, sekunde 10, basi; ukizidisha unavila vichwa.

Onduleri, yaani UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, si anasa. Umeme ukikatika katikati ya kuchota, faili la AVI linabaki bila faharasa yake kamili na mara nyingi halifunguki. Dakika chache za betri zinatosha kusimamisha kazi na kufunga faili.

Kuhamisha ndiko kunakochosha. Flashi iliyofomatiwa FAT32 inakataa faili linalozidi GB 4, yaani kama dakika 19 za kaseti. Ifomati NTFS. Desktopu yenye USB 1.1 itahitaji zaidi ya saa tatu kwa kaseti moja. Kebo ya mtandao ya Mbit 100 inamaliza kwa dakika 20 hivi. Windows 11 haitaona folda za XP kwa sababu SMB1, njia ya zamani ya kushiriki folda, imezimwa. Usiiwashe, weka programu ndogo ya FTP, ya kutuma mafaili kwa mtandao, kwenye XP, na mashine hiyo isiguse intaneti kabisa.

Kwenye laptopu, programu ya kuhariri Kdenlive au Shotcut inatosha, na RAM ya GB 8. Kila fremu ya DV ina nyuga mbili, mistari ya juu na ya chini inayopishana, na uga wa kwanza ni wa chini. Ukiweka wa juu, mikono ya wachezaji inatetemeka mbele na nyuma. Toa video ya H.264 ya 768×576, fremu 50 kwa sekunde, Mbit 5 kwa sekunde: saa moja inakuwa GB 2 na ushee. Sauti ikiachana na midomo, kaseti huenda imechanganya sauti ya biti 12 na ya biti 16. Chota kila kipande kama faili lake.

VHS pia hupita, mradi kamera inapokea AV, yaani zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, na kuitoa kama DV. Nyingi zilizouzwa Ulaya zilifungwa mlango huo, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa. Na VHS ya SECAM ikitoka nyeusi na nyeupe kwenye kamera ya PAL (mifumo miwili tofauti ya rangi), usibadilishe kebo: tafuta deki inayosoma SECAM na kutoa PAL.