Trela ya jiko niliyojitengenezea: uzoefu wangu baada ya safari 11

Kilichonichosha mimi ni kupakia. Kila tukienda kupiga kambi ni maboksi sita, mtungi wa gesi, meza ya kukunja, madumu ya maji, halafu mnafika giza limeshaingia unatafuta kiberiti na hukumbuki kiko boksi gani. Nikasema basi, natengeneza trela ndogo ya jiko, vyombo vikae humo humo mwaka mzima, siku ya safari nafunga nyuma ya gari naondoka.

Chesisi alichomelea fundi, mita 1.8 kwa 1.2, ekseli moja, boksi la juu nikapiga mwenyewe kwa plaiwudi ya milimita 12. Kazi ya fundi sina neno, ila kuna kosa tulilifanya wote, mimi kwa kuchora na yeye kwa kunyamaza: tanki la maji la lita 60 tuliliweka nyuma kabisa chini ya sinki, eti bomba liwe fupi. Lita 60 ni kilo 60 hizo, zote nyuma ya matairi. Safari ya kwanza nafika spidi 80 trela ikaanza kuyumba kushoto kulia, aisee nilitoka jasho, nikaachia mafuta taratibu bila kukanyaga breki mpaka ikatulia.

Kurudi nyumbani nikachukua mizani ile ya kujipimia uzito, nikaiweka chini ya pua ya trela, yaani ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, ikasoma kilo 18 na trela yote ikiwa imejaa ni karibu 420. Pua inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, ikiwa nyepesi ndiyo trela inayumba, kwa hiyo mimi nilikuwa hata nusu sijafika. Nikahamishia tanki mbele kidogo ya ekseli, bomba likaongezeka mita moja na nusu tu (ndiyo tuliyokuwa tunaibania!), mizani ikapanda hadi 53. Tangu hapo inafuata gari vizuri, na kwa vile tanki liko karibu na ekseli, maji yakijaa au yakiisha pua haibadiliki sana.

Droo nazo zilinifunza adabu. Niliweka reli za kawaida za kabati, barabara ya vumbi yenye mawimbi ikazifungua zote, kufika nakuta chupa ya mafuta imepasuka, chumvi imelowa, vijiko vyote vinateleza. Sasa kila droo ina komeo lake, na nati zote nimebadilisha nimeweka zile zenye plastiki ndani maana mtikisiko unalegeza kila kitu. Nati za matairi pia nazikaza upya baada ya kilomita 50 hivi za mwanzo.

Gesi ina kiboksi chake nje, kimetobolewa chini, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutuama, matundu ya juu peke yake hayakusaidii kitu.

Kingine, weka miguu ya kushusha nyuma. Mimi niliidharau, sasa siku moja trela imesimama yenyewe bila gari, mimi na mdogo wangu tumeegemea meza ya nyuma tunakatakata vitunguu, ghafla pua ikanyanyuka juu, sufuria la maji likaja kifuani kwangu. Bahati yalikuwa hayajachemka.

Ninachokipenda zaidi ni urefu wa meza, sentimita 90 toka chini, mgongo hauumi tena, na mlango wa nyuma ukifunguka juu unakuwa paa, mvua ikinyesha unaendelea kupika. Kutoka kusimamisha gari mpaka maji ya chai yako motoni ni dakika nane, nimepima.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya vumbi, nimeshabadilisha mpira wa mlango mara mbili na bado kila safari lazima nioshe sahani kabla ya kula.